Ukisimamishwa na trafiki: mwongozo kwa dereva mpya wa bodaboda, Mtwara na Lindi

Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda hapa Mtwara mjini, na simu ninazopigiwa ni zile zile. Katibu, trafiki amechomoa ufunguo, nifanyeje? Katibu, anataka ya maji, yaani hongo ndogo. Katibu, nimekimbia, sasa wanaitafuta namba yangu. Kila anayeingia kijiweni anauliza upya kama vile mwenzake hakuuliza jana. Nimeamua kuandika mara moja, ukisoma utakuwa umenipunguzia vocha.

Kwanza lijue hili. Kosa la barabarani la pikipiki lina bei, na bei inajulikana: tangu bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Kinachowaweka vijana wetu mahabusu ni yale yanayofuata baada ya mkono kuinuliwa: kukimbia, kugombania ufunguo, kutukana, kuita wenzako waje wamzunguke askari. Hapo umeshatoka kwenye Sheria ya Usalama Barabarani umeingia kwenye jinai, kumzuia askari kufanya kazi yake au kumshambulia, na huko hakuna elfu kumi.

Askari naye anakosea, tena wapo wanaokosea kwa makusudi. Nitayasema. Ila askari aliyekosea hushindwi naye mezani kwa mkubwa wake. Kwenye lami, jua la saa saba linawachoma wote wawili na watu wameshaanza kujaa, utashindwa tu.

KABLA HUJAWASHA PIKIPIKI

Leseni yako mwenyewe, hai, yenye daraja la pikipiki. Picha ya leseni kwenye simu si leseni. Afande mwema ataikubali, usimtegemee.

Nakala ya kadi ya pikipiki, na karatasi ya makubaliano kati yako na bosi. Wengi mnaendesha kwa hesabu, yaani pesa ya kila siku ya bosi, au kwa mkataba na kadi iko kabatini kwa mwenye chombo. Bila karatasi yoyote, askari akiuliza "pikipiki ya nani?" unabaki kutaja jina la utani la bosi, na unaonekana mwizi.

Bima hai na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kama unabeba abiria. Bima ihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, kwa namba ya usajili, hasa kama umeuziwa na wakala asiye na ofisi.

Kofia ngumu mbili. Abiria atakuambia inanuka, au inamharibia nywele. Ifue, na mwenye mtandio avae juu ya mtandio. Asiyetaka kabisa mwache asubiri bajaji.

Kitambulisho cha NIDA. Simu yenye chaji. Na karatasi ndogo mfukoni yenye namba za mwenyekiti wa kijiwe, bosi, na ndugu mmoja anayepokea simu usiku. Nimesema karatasi, kwa sababu simu ikizimika au ikichukuliwa hakuna kati yetu anayekumbuka namba ya mtu kichwani. Ongeza 113, ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambayo haikati salio.

Jambo la mwisho, ambalo limewaumiza wengi: kabla ya kukabidhiwa pikipiki ya mtu, angalia madeni yake kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz, kwa namba ya usajili. Dereva aliyekutangulia anaweza kukuachia faini ambazo hakumwambia bosi. Ukisimamishwa wewe, deni lina jina la pikipiki, na pikipiki uko nayo wewe.

HATUA KWA HATUA

1. Mkono ukiinuliwa, simama.

Achia resi, washa indiketa ya kushoto, sogea nje ya lami kabisa. Usisimame ghafla mbele ya lori, na barabara ya Mtwara kwenda Mnazi Mmoja unazijua lori zake. Kama ni usiku na huna hakika kama ni askari kweli, punguza mwendo, washa indiketa, inua mkono kuonyesha umeona, kisha simama penye taa au watu mbele kidogo. Mbele kidogo ni mita chache. Ukipitiliza hadi kijiji kinachofuata utakuwa umekimbia.

Mwaka wangu wa kwanza nilimbeba bibi mmoja wa kwenda Naliendele, ana kiroba cha mihogo na kuku wawili, kichwani hana kofia. Trafiki akainua mkono. Mimi nikakata kushoto kwenye njia ya mchanga nikijiona fundi. Mchanga wetu haumjui fundi. Tairi la mbele likazama, tukalala wote. Kuku mmoja hatukumwona tena. Nilimlipia bibi dawa ya goti, nikamlipia kuku, nikanunua indiketa na kioo cha pembeni, na yule trafiki aliyekuja kutuinua akaniandikia faini ile ile niliyokuwa naikimbia.

2. Zima injini, shuka, chomoa ufunguo wewe.

Utie mfukoni taratibu. Ugomvi mwingi niliowahi kuitwa kwenda kuusuluhisha ulianzia kwenye ufunguo: injini inanguruma, askari anahisi unataka kuondoka, anarusha mkono kuuchomoa, wewe unaudaka mkono wake, na aliyeko mbali anachoona ni raia kamshika askari. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo hauonekani, hana cha kurukia.

Abiria ashuke na asimame pembeni, upande usio wa magari. Mwombe asiseme kitu. Abiria wa Mtwara ana huruma, na huruma yake humfanya aanze kumsema afande kwa sauti, halafu anayeandikiwa ni wewe.

3. Salimia.

"Habari ya kazi, afande." Akiwa mtu mzima wa umri wa baba yako, shikamoo haikupunguzii kitu. Fungua kioo cha kofia uso uonekane. Mikono iwe wazi. Ukitaka kutoa leseni mfukoni, sema kwanza kwamba unatoa leseni.

4. Uliza kosa, mara moja tu.

"Afande, naomba kujua kosa langu." Ni haki yako kuambiwa. Wakati anajibu, soma jina kifuani mwake na ulikariri. Kama wana gari au pikipiki, soma namba; za polisi zinaanza na PT. Angalia saa. Usitoe kalamu mbele yake kana kwamba wewe ndiye unayemkagua, utaandika ukishaondoka.

Usirudie swali mara tano. Swali la tano ni matusi, hata kama maneno ni yale yale.

5. Kama kosa ni la kweli, likubali na uombe onyo.

Hili vijana hawalijui. Askari ana uwezo wa kukuonya akakuachia. "Afande, ni kweli taa ya nyuma imekufa, naenda kwa fundi sasa hivi, naomba unionye." Maneno hayo ni halali na hayagharimu kitu. Nimeona yakifanya kazi kwa taa, kioo, hata kofia ya abiria. Kwa mshikaki, yaani kupakiza abiria zaidi ya mmoja, sijawahi kuyaona yakifanya kazi, na mimi mwenyewe nisingekuachia ukiwa umepakia watatu.

6. Akikuandikia, chukua namba ya malipo.

Faini halali inatoka kwenye mfumo na ina namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unalipa kwa simu au benki, na meseji inayorudi ndiyo risiti, usiifute. Si lazima ulipe palepale barabarani. Una siku saba, ukizipitisha deni linapanda.

Soma kabla ya kuondoka: namba ya usajili ni yako? Kosa lililoandikwa ndilo uliloambiwa? Kiasi ni cha pikipiki au umewekewa 30,000 ya gari? Makosa ya kubonyeza yapo, na kurekebishwa hapohapo ni dakika moja.

Ukiambiwa utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, hiyo si faini.

7. Ya maji.

Atazungukazunguka. Ataangalia leseni mbele na nyuma, atasema jua kali leo, atauliza "sasa tunafanyaje?" Hapo kuna ukimya, na ukimya huo ndio mtego, kwa sababu wewe ndiye utakayeujaza. Wengi wa wanaolalamika kwangu kwamba trafiki kawaomba rushwa, nikiwahoji vizuri, wao ndio waliosema kwanza "afande, tuongee vizuri." Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa.

Jibu la kujaza ukimya ni moja: "Afande, naomba uniandikie." Lisemwe kwa sauti ya kawaida, bila tabasamu la kejeli. Mara nyingi anarudisha leseni, maana kuandika kosa dogo la kioo hakukuwa lengo. Mara nyingine anaandika kweli, na amekuongezea la pili. Basi. Elfu 20 iliyoandikwa inaisha, lakini elfu tano ya chini ya leseni utailipa kila ukipita hapo, kwa sababu ameshakujua.

Akikuomba waziwazi, usimtishie na TAKUKURU usoni. Ondoka kwanza, kisha piga 113.

8. Kama hukubaliani na kosa, sema hivyo na uache.

"Afande, sikubaliani na kosa hili, nitalipinga mahakamani." Ukilipa umekubali, kwa hiyo kama kweli unapinga, usilipe kisha uje kulalamika. Nikuambie ukweli wa kijiweni: kwa elfu kumi wengi hulipa ili warudi kutafuta hesabu ya siku, na siwalaumu. Mahakama itunzie jambo zito, kwa mfano umeandikiwa ajali ambayo hukusababisha.

9. Ukiambiwa twende kituoni, nenda.

Kabla ya kuondoka uliza mambo mawili: kituo gani, na kwa kosa gani. Kisha mpigie mtu mmoja umwambie. Najua kwa nini neno kituoni linawatisha watu wa huku. Januari 2022 askari saba walifikishwa mahakamani hapahapa Mtwara wakituhumiwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea, na habari ile haijatoka vichwani mwa watu. Ndiyo maana nasisitiza simu ile moja. Mtu ambaye nduguze wanajua yuko kituo gani, na aliingia saa ngapi, anashughulikiwa tofauti.

Kituoni una haki ya kujua unashikiliwa kwa nini, na ya kumjulisha ndugu au wakili. Ukichukuliwa maelezo, yasome kabla ya kusaini. Kama kusoma kunakupa shida, omba usomewe kwa sauti. Usisaini karatasi tupu hata ukiambiwa ni utaratibu. Dhamana ya polisi ni bure. Kama hawakupi dhamana, wanatakiwa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24.

VIZUIZI VISIVYO VYA TRAFIKI

Ukishuka kuelekea Kilambo, Kitaya au vijiji vingine vya kando ya Ruvuma, unaweza kusimamishwa na watu wasiovaa nguo nyeupe. Toka vurugu za Cabo Delgado, ng'ambo ya mto upande wa Msumbiji, zilipoanza mwaka 2017, na hasa baada ya Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020, ukaguzi wa huko ni wa usalama wa nchi. Hawataki kujua bima yako. Wanataka kitambulisho, unakotoka, unakokwenda, na huyo uliyembeba ni nani. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Kama abiria humjui, sema humjui, umempata stendi. Usijifanye shemeji yake ili kumsaidia.

Msimu wa korosho nao una yake. Kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, gunia kwenye pikipiki usiku kutoka Tandahimba au Newala litaulizwa limetoka wapi. Korosho ghafi inapita kwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na stakabadhi ghalani; kangomba, yaani ununuzi wa kificho nje ya mfumo huo, inatafutwa. Mwenye mzigo akikuambia "wewe peleka tu, utapokelewa," mwambie apande naye, ashike gunia lake. Asipotaka, umepata jibu.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Askari amechomoa ufunguo kabla hujauwahi. Usiudake. Rudi hatua moja nyuma, sema "afande, ufunguo unao wewe, naomba tuendelee." Umetamka mbele ya watu kwamba ufunguo anao yeye, inatosha.

Anatukana. Nyamaza. Najua ni ngumu, hasa akimtaja mama. Kijana mmoja wa kwetu, mpole kuliko wote, alijibu tusi moja tu na kesi yake ilianza na lile tusi lake; la askari halikuandikwa popote. Ukiondoka andika maneno yake yote kama alivyoyasema, na jina la aliyesikia.

Wenzako wamefika pikipiki kumi. Hapa ndipo panapoharibika kuliko kote, na wanaoharibu wana nia njema. Askari akizungukwa anaita gari, na gari likija halichagui nani alikuja kutazama. Wewe mwenyewe uliyesimamishwa ndiye wa kuwaambia warudi. Abaki mmoja, mwenyekiti au mtu mzima anayeheshimika, asimame pembeni awe shahidi. Vijiwe vyote vikubaliane hili mapema; siku ya tukio hakuna anayesikiliza.

Unataka kurekodi. Rekodi kwa mbali, au mwachie mwenzako arekodi. Simu ikiwekwa chini ya pua ya mtu mwenye hasira, simu ndiyo inayopotea. Na video usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp usiku huohuo na maneno uliyoyaongeza, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Itunze, iende na malalamiko.

Umepigwa. Usirudishe. Ukiumia vibaya anza hospitali, wahurumie waliobaki nyumbani. Fomu ya PF3, ya matibabu ya aliyejeruhiwa, inatolewa na polisi, na si lazima uifuate kwenye kituo cha aliyekupiga. Nenda kituo kingine ukiwa na mtu mzima. Piga picha majeraha siku hiyohiyo, na za siku ya tatu pia, wekundu unapogeuka mweusi.

Unataka kulalamika. Anza kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au mkoa, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, kisha kamanda wa mkoa, RPC. Rushwa ni TAKUKURU. Kipigo na udhalilishaji unaweza pia kuvipeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Lindi, kwa hiyo huna haja ya kufikiria safari ya Dodoma. Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, jina la askari, namba ya PT, kilichofanyika, mashahidi. Usiandike "askari wote wa huku ni wezi." Msomaji wa barua hiyo naye ni askari. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Pikipiki imelazwa kituoni. Siku ya kuilaza, piga picha ikiwa imesimama pale: vioo, betri, tairi, mita ya kilomita. Siku ya kuitoa, usisaini kwanza. Fungua kifuniko cha pembeni uone kama betri iliyomo ni yako, tikisa tangi usikie mafuta, angalia vioo. Kikikosekana kitu, mwonyeshe aliye zamu ile picha kabla hujasogeza pikipiki getini, maana ukishatoka nje ya geti hiyo betri uliiuza mwenyewe.